Lebo ya Merle Treloar

Watu wanaosema Merle Treloar alileta vurugu kwa sababu ya neno moja, wengi wao hawajawahi kumwona hata kwa picha. Mimi nimeoa dada yake. Nimekula mezani kwake Jumapili za miaka thelathini, nimebishana naye, nimenuniwa naye, na mara mbili nimefukuzwa jikoni kwake nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Kwa hiyo nikisema kwamba katika jambo hili yeye ndiye aliyekuwa na haki, na wale wengine walikuwa wanajitoa ufahamu, sisemi kwa upendeleo wa shemeji. Nasema kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu hadi leo nikilikumbuka chai inanitoka puani.

Merle ni mzaliwa wa Wallaroo, mji wetu mdogo wa bandari kwenye rasi, saa mbili kutoka Adelaide. Babu zake walivuka bahari kuja kuchimba shaba, shaba ikaisha, wakabaki na shayiri kama watu wote wa rasi hii. Alipokuwa na miaka kumi na tisa aliajiriwa kwenye maghala ya nafaka pale bandarini, kwenye kibanda cha kupimia. Kazi yenyewe kuieleza ni rahisi. Lori likifika unapanda ngazi, unachoma bomba refu ndani ya shehena, unatoa punje za chini, za katikati na za juu. Unazichekecha, unazipima, unazitazama moja moja, halafu unaandika kwenye karatasi neno moja: kimea au lishe. Ya kimea inakwenda kwa watengeneza bia. Ya lishe inakwenda kwa nguruwe. Lori la kimea linamwaga ghala hili, la lishe linamwaga ghala lile, na likishamwaga hakuna tena shayiri ya fulani na shayiri ya fulani. Yote ni rundo moja, na jina la rundo ni lile neno aliloandika mtu wa kibandani.

Wakulima walimtukana kila Novemba. Mtu ametoka shambani alfajiri, amesimama foleni saa tatu juani na nzi wanamwingia masikioni, halafu binti mwembamba anamwambia shayiri yake ni ya nguruwe. Merle alikuwa akiwajibu bila kuinua macho kutoka kwenye chekeche.

"Punje zako ndizo zinazosema, mzee Pengilly. Mimi naandika tu."

"Wewe na punje zako mtakufa hamjaolewa."

"Sawa. Sogeza lori, kuna watu nyuma yako."

Na kweli hakuolewa, ingawa sidhani punje zilihusika.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha wakati wa kuvuna. Merle alikuwa na miaka thelathini na nne. Mkulima mmoja mkubwa, mwenye ardhi kutoka barabarani hadi baharini, alileta lori nane, na punje zilikuwa zimeshaanza kuchipua kwenye masuke. Shayiri iliyochipua haifai kwa kimea, kwa sababu mtengeneza kimea anataka punje ichipue kwake, si shambani. Merle akaandika lishe. Meneja akashuka kibandani mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya hata wakati wa joto la kuua, akafunga mlango.

"Merle, huyu bwana usimchezee. Andika kimea. Zitachanganyika humo ndani, nani atajua?"

Akaandika kimea. Mara moja tu katika miaka ishirini na sita. Wiki sita baadaye wanunuzi walikuja kupima lile ghala, wakakuta punje zisizoota, wakalishusha ghala zima kuwa lishe. Nyumba arobaini zilizokuwa zimeleta shayiri safi, iliyochekechwa na kukaushwa kwa jasho, zikaambiwa shayiri yao ni chakula cha nguruwe. Nyumba mojawapo ilikuwa ya baba yake. Mimi nilikuwa mezani siku ile mzee alipouliza, kwa upole kabisa, "Karatasi za lile ghala zilikuwa na mwandiko wa nani?" Merle akasema, "Wangu, baba." Mzee akamaliza viazi vyake, akanyanyuka, na hakuligusa tena jambo hilo mpaka anazikwa. Meneja naye alipandishwa cheo akaenda Adelaide. Hilo nalo linaniudhi, lakini tuendelee.

Kompyuta ziliingia kibandani miaka ya tisini. Fundi aliyezileta aliweka ule mfumo wa bure, unaotengenezwa na watu wa dunia nzima kwa kujitolea, ambao mtu yeyote anaweza kuufungua, kuusoma na kuurekebisha. Ndani kabisa ya mfumo ule kuna kiini, sehemu inayoongea na diski, kibodi, skrini na vyote vilivyounganishwa. Kabla ya kukijenga kiini chako unapewa menyu ndefu ya maswali, maelfu ya maswali: unataka hiki, ndiyo au hapana? Unataka kile? Kila swali lina maelezo mafupi ya kukusaidia kujibu.

Merle akayasoma maelezo. Jioni ile alikuja kwetu na karatasi mkononi, kavimba.

"Col, sikiliza huu upuuzi." Akasoma. "Kama unajua kipengele hiki ni nini, jibu ndiyo. Kama hujui, basi hukihitaji."

"Si wamesema kweli?" nikamtania.

"Kweli gani hiyo! Mtu ameuliza kwa sababu hajui. Hii ni sawa na mimi nimwandikie mkulima kwamba kama shayiri yake ni nzuri, basi ni nzuri."

Akaanza kuandika maelezo upya, moja moja, na kuyatuma. Kule mabadiliko yanaitwa viraka. Unatuma kiraka chako kwenye jukwaa la barua pepe ambalo kila mtu anasoma, wenye sehemu yao wanakijadili, wakikikubali kinaunganishwa. Na chini ya kila kiraka kuna mistari ya majina: fulani amekiandika, fulani amekikagua. Bila majina hakiingii. Ukiweka jina lako umeliweka milele, kwa sababu historia ya kiini haifutwi. Merle alikipenda kitu hicho kuliko vyote. Baada ya miaka michache walimwachia menyu nzima iwe chini yake, bila mshahara, bila hata shukrani nyingi. Alipoacha kazi ghalani akahamishia kompyuta kwenye baraza ya nyuma, karibu na kamba za nguo, na hiyo ikawa ofisi.

Sasa nieleze lebo, maana ndipo ugomvi ulipozaliwa. Zamani, mtu akiandika kipengele kipya ambacho hakijaiva, aliweka mbele ya jina lake neno MAJARIBIO. Maana yake, ndugu, hiki bado, usiweke kwenye mashine unayoitegemea. Na vipengele vyote vyenye lebo hiyo vilifichwa. Ili uvione ilibidi kwanza ujibu ndiyo kwenye swali moja la juu kabisa: nionyeshe visivyokamilika. Wazo zuri sana. Wakaliharibu wenyewe.

Kila mwandishi aliweka lebo hiyo ili asilaumiwe. Hakuna aliyeitoa. Kipengele kinafanya kazi miaka kumi, kiko kwenye benki na meli, bado kinaitwa majaribio, kwa sababu mwandishi wake amehama, ameoa, amesahau. Ikafika mahali hata diski ya kawaida huwezi kuipata bila kwanza kujibu ndiyo, nionyeshe visivyokamilika. Basi kila mtu akawa anajibu ndiyo bila kusoma, na hatari halisi zikakaa humo humo katikati ya vitu salama, na neno ni lile lile. Watu wenye shahada zao walitengeneza onyo, kisha wakaifundisha dunia nzima kulipuuza. Na ukiwaambia wanakucheka, wanasema ndivyo mambo yalivyo.

Merle hakucheka. Kwa majira mawili ya baridi alikaa kwenye ile baraza, blanketi magotini, akamwandikia kila mwandishi wa kila kipengele chenye lebo. Vilikuwa mia nne na kumi na mbili. Swali lake lilikuwa moja: kimekamilika? Kama bado, kimebaki nini? Wengi walijibu kwa aibu kwamba kimekamilika zamani. Wengine hawakujibu, akavijaribu mwenyewe. Mmoja alimjibu kwamba ana kazi za maana, naye akamtumia barua ile ile kila Jumatatu kwa miezi minne mpaka akasalimu amri. Mwishoni vilibaki thelathini na kimoja. Neno MAJARIBIO akalifuta kabisa, mahali pake akaweka HAIJAKAMILIKA, na sharti kwamba baada ya neno hilo lazima useme nini hakijakamilika. Si kuficha uso nyuma ya lebo. Useme.

Watu wakaanza tena kusoma. Nilishuhudia mwenyewe, barua zilikuja kutoka Brazil, kutoka Poland: tumeona onyo lako, tumeepuka, asante. Alizichapisha akazibandika kwenye friji.

Ndipo akatokea Hamish Prowse.

Hamish alikuwa kijana wa Sydney, wa miaka thelathini na ushee, mwerevu, hilo sina haja ya kulikataa. Alikuwa ameandika kipengele kinachoziunganisha diski mbili ziwe kioo: unachoandika hapa kinaandikwa na pale, moja ikifa nyingine inaendelea. Kizuri, cha haraka. Ila kilikuwa na shimo. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, diski moja inabaki na kipya na nyingine na cha zamani, au nusu nusu. Mashine ikiamka inatakiwa ijue ipi ni sahihi. Sehemu hiyo Hamish hakuwa ameiandika. Kipengele kilichukua tu diski iliyoamka kwanza na kuinakili juu ya mwenzake. Ukiwa na bahati, sawa. Usipokuwa na bahati, kinafuta kizima kwa kibovu, na hakikuambii. Merle aliandika hayo yote baada ya neno HAIJAKAMILIKA, na Hamish mwenyewe alisaini.

Mwaka uliofuata Hamish akaajiriwa na kampuni moja ya Sydney inayouza masanduku ya kuhifadhia mafaili kwa maduka, zahanati, shule za vijijini. Masanduku yalitumia kipengele chake. Wateja wakadadisi wakaiona lebo, wakauliza maswali. Basi kikaja kiraka cha mstari mmoja: ondoa HAIJAKAMILIKA. Sababu: kipengele kimekomaa.

Merle akamwandikia: umelishughulikia lile la umeme kukatika?

Akajibu kwamba ni jambo la nadra.

Akamwandikia: njoo Wallaroo mwezi wa kwanza, joto linapokata umeme kila wiki, uone unadra wake.

Wakaendelea hivyo wiki tatu mbele ya watu wote. Hamish alisema lebo inawatisha wateja. Merle alisema hiyo ndiyo kazi yake. Hamish akasema kila programu duniani ina makosa, tukiweka lebo kila mahali tutarudi kule kule tulikotoka. Hapo wengi walimwunga mkono, maana hoja ilikuwa na sura ya kweli. Watu wale wale walioshindwa kutoa lebo zao kwa miaka kumi wakageuka walimu wa kutoa lebo. Mmoja akauliza, mpima shayiri alipewa ufunguo na nani? Wakacheka. Wakaweka vile vikaragosi vya kucheka mpaka machozi, mstari mzima. Merle alisoma, akafunga kompyuta, akaenda kumwagilia nyanya. Mimi ndiye niliyetaka kupanda basi hadi Sydney.

"Wamekuvunjia heshima, shemeji," nikamwambia.

"Nimepima shayiri kweli, hilo si tusi. Kama nisingepima shayiri nisingejua neno moja la uongo linaharibu nini."

"Basi mwache aitoe. Ni jina lake, lawama zake."

Aligeuka na lile bomba la maji, nikarudi nyuma hatua moja.

"Haitoki bila jina langu, Col. Menyu iko chini yangu. Wanataka niandike nimekagua. Nimeshawahi kuandika hivyo kuhusu kitu nilichokiona kwa macho yangu kuwa si hivyo. Wewe ulikuwa mezani."

Kumbe miaka yote ile alikuwa bado kwenye kiti kile, mbele ya sahani ya baba yake.

Mkutano wa wajenzi wa kiini mwaka ule ulikuwa Adelaide, mwezi wa kwanza, joto nyuzi arobaini na tatu. Nilimpeleka mimi, saa mbili za barabara, na pai kwenye kitambaa kwa sababu hataki kula chakula cha mjini. Njiani hakusema chochote isipokuwa kunikemea nipunguze mwendo. Msimamizi wa sehemu ya diski, Ruwan Senaratne wa Melbourne, alikuwa amesema jambo lile limalizwe ana kwa ana. Ruwan ni mtu mpole, wa haki, lakini alikuwa amechoka, na mtu mpole aliyechoka ni hatari kuliko mkorofi.

Ukumbi ulijaa, kama watu mia mbili, karibu wote kwenye kaptula. Hamish alikuwa ameweka sanduku la kampuni yake juu ya meza, na nyuma yake kampuni imetundika bango refu lenye maneno makubwa: HUTAHITAJI NAKALA NYINGINE TENA. Nililisoma mara mbili kuhakikisha macho yangu hayajaharibiwa na jua. Kitu ambacho mwandishi wake alisaini kwa mkono wake kwamba hakijakamilika, kinaambiwa zahanati ya mahali fulani kwamba itupe nakala zake.

Hamish akaonyesha maonyesho yake. Aliwasha filamu ikicheza kutoka kwenye sanduku, akachomoa diski moja kwa vidole viwili, akaiinua juu. Filamu ikaendelea bila hata kukwama. Ukumbi ukapiga makofi. Ruwan akamgeukia Merle, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele na mkoba mapajani.

"Dada Merle, umeona mwenyewe. Naomba tumalize. Ukiandika umekagua, naunganisha leo."

Merle akasimama. Ni mfupi, ilibidi watu wa nyuma wainue shingo.

"Nimeona diski ikichomolewa. Sikuuliza habari za diski kuchomolewa, niliuliza umeme. Lakini sawa, mimi nitasaini. Sasa hivi, hapa hapa. Nina ombi moja kwa kijana."

"Karibu, mama," Hamish akasema, na tabasamu.

"Kwenye hiyo kompyuta yako una kitu gani usichotaka kukipoteza?"

Hamish akafikiri kidogo. "Picha za binti yangu. Ana miezi minne."

"Hongera sana. Na nakala yake iko wapi?"

"Kwenye diski ndogo, mkobani."

"Nyingine?"

"Hakuna. Ni hizo mbili."

"Vizuri. Nakili hizo picha kwenye sanduku lako. Zikishaingia, futa za kwenye kompyuta, futa za kwenye diski ndogo. Halafu liambie sanduku liandike chochote unachotaka, na likiwa linaandika mimi nitachomoa waya wa umeme. Likiamka na mtoto yumo, nasaini, na nakuomba radhi mbele ya hawa wote."

Watu wachache walicheka, wakidhani ni utani, kisha wakaacha. Hamish aliutazama mkoba wake uliokuwa chini ya meza. Mkono wake ulikwenda hadi kwenye zipu, nikauona. Ulibaki pale. Mashine za kupoza hewa zilikuwa zinanguruma juu yetu.

"Huo si upimaji wa kitaalamu," akasema mwisho.

"Sijasema ni wa kitaalamu."

"Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweka kitu cha thamani mahali pamoja tu."

"Bango lako linasema aweke."

"Bango sikuliandika mimi. Ni watu wa mauzo."

"Na kiraka?"

Hamish akaondoa mkono kwenye zipu. Alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni, na mimi nilimwonea huruma, kidogo sana, ile ya kumwonea mtu aliyemwaga chai kwenye suruali yake mwenyewe. Merle akakaa na kufunga mkoba wake. Ruwan akasema kiraka kimekataliwa, tuendelee na mada inayofuata.

Ungedhani imeishia hapo. Kabla hatujafika Wallaroo, Merle akanisomea kwenye simu: wale wale wa vikaragosi walikuwa wameshaandika kwamba mwanamke mzee amemdhalilisha kijana hadharani, kwamba kuingiza watoto kwenye mjadala ni ukatili, kwamba ndiyo maana vijana wanakimbia kujitolea. Zahanati hakuitaja hata mmoja. Watu mia mbili walimwona mtu akikataa kula chakula alichokipika mwenyewe, na walichojadili ni adabu za aliyemkaribisha mezani. Nilipiga usukani nikasomewa tena habari za mwendo.

Kesho yake asubuhi nilimkuta kwenye baraza, anaandika maelezo ya kipengele cha Hamish upya. Akanisomea. "Haijakamilika. Umeme ukikatika wakati wa kuandika, diski mbili hutofautiana, na kipengele hakijui ipi ni sahihi. Huchagua iliyoamka kwanza na kufuta nyingine. Usikitumie kwa kitu ambacho huna nakala yake kwingine. Mwandishi wa kipengele, alipoombwa mbele ya watu mia mbili, hakukubali kuweka humo picha za mwanawe."

"Merle," nikasema. "Hiyo ya mwisho."

"Imekosea wapi?"

Akakituma kiraka.

Ruwan alipiga simu kabla ya saa sita. Merle aliweka sauti ya nje kwa sababu alikuwa anakunja nguo.

"Dada Merle, sentensi ya mwisho haiwezi kukaa mle. Si ya kitaalamu."

"Ni matokeo ya jaribio pekee lililowahi kufanywa juu ya kile kipengele. Kama una jingine, nitaliweka hilo."

Nilimsikia akishusha pumzi huko Melbourne.

"Kanuni ni kwamba maelezo yakimtaja mtu, mtu huyo ahojiwe."

"Mhoji."

Akamhoji, mbele ya wote, kwenye jukwaa. Barua yake ilikuwa fupi: Hamish, sentensi hii ni ya kweli au si ya kweli? Kama si ya kweli, eleza, nami nitaifuta. Kama ni ya kweli, saini kama sheria inavyotaka.

Siku tatu zilipita. Watu wa kampuni waliandika wao, wakitaja sifa, mawakili, maslahi ya biashara. Ruwan aliwajibu wote kwa mstari mmoja, kwamba hakuwauliza wao. Merle hakwenda hata kutazama. Alikuwa anachuma nyanya, anazipika, anazitia kwenye chupa, anaandika tarehe kwenye kila chupa. Mimi ndiye niliyekuwa nikifungua ile kompyuta kila baada ya nusu saa, kwa sababu nilijua kijana akikana, watu mia mbili wale wataanza kusema hawakumbuki vizuri.

Asubuhi ya nne jibu lilikuja kutoka kwenye anwani yake ya nyumbani, si ya kampuni. Lilikuwa na maneno mawili, ni kweli, na chini yake mstari wa saini na jina lake kamili, Hamish Andrew Prowse.